Kaseti Bubu

Wiki iliyopita mliniacha nimelala chali chini ya gari la mteja, jirani yangu mshona viti akiwa amechuchumaa pembeni, ananimiminia maneno ambayo mtu hapaswi kuambiwa akiwa amelala. Kwamba mke wangu, Mama Pacha, ameonekana ndani ya gari dogo la bluu la chuo cha udereva, tena si mara moja. Kwamba alikuwa anacheka. Kwamba mwalimu wa udereva naye alikuwa anacheka.

Nilimwambia mshona viti ashone viti, nyumba za watu aziache. Kisha nikaapa mbele yenu, wasomaji, kwamba nitachunguza kimya kimya kama mtu mwenye akili zake.

Basi someni mwone nilivyochunguza.

Sikuhitaji hata kulitafuta lile gari. Lilinijia lenyewe. Nilikuwa kibandani kwangu, nabandua redio ya lori, niliposikia honi. Nikatoa kichwa. Gari dogo la bluu, kibao cha mwanafunzi juu ya paa.

Akashuka mwanamume mrefu, shati limepigwa pasi mpaka kola inataka kukata, viatu vinang'aa kwenye ua wangu uliojaa oili. Ananukia. Mwanamume anayenukia asubuhi ya siku ya kazi mimi huwa simwamini.

"Fundi, habari za kazi?"

"Kazi ipo. Karibu."

"Nimeelekezwa kwako. Naambiwa kwa redio za magari hakuna anayekufikia."

"Nani kakuambia?"

"Mwanafunzi wangu mmoja."

Moyo ukapiga paa, ukatulia kusikiliza.

Shida yake ilikuwa hii. Gari lina redio iliyokuja nalo kutoka kiwandani, redio ya kaseti, haina tundu la kuchomekea kitu. Kuibadilisha hataki, kwa sababu redio mpya huita wezi, na mwenye chuo hapendi dashibodi yake ichokonolewe. Anataka waya tu, utokeze mahali, mtu achomeke kidude chake cha muziki na sauti itoke kwenye spika za gari.

"Inawezekana," nikasema. "Lakini udereva na muziki wapi na wapi?"

Akacheka. Ana meno mazuri, nikatae nini.

"Si mimi, fundi. Ni huyo mwanafunzi. Bila muziki hatulii. Ukimwekea muziki, gari linakwenda kama limepakwa sabuni."

Hapo ndipo lugha yetu ilipoanza kunitesa. Mwanafunzi. Huyo. Hatulii. Kwa Kiswahili unaweza kumsema mtu kuanzia asubuhi hadi jioni, na anayekusikiliza asijue kama ni mwanamke au mwanamume. Nikaamua kumtega.

"Huyo mwanafunzi ni kijana?"

"Si kijana sana, si mzee."

"Ana familia?"

"Anayo."

"Na ndevu?"

Akaniangalia. "Ndevu za nini, fundi?"

"Nauliza tu. Wengine zinawasumbua, zinanasa kwenye mkanda wa kiti."

"Hana ndevu," akasema taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa. "Ila ana mguu mzuri sana."

Bisibisi ikaniponyoka.

"Mguu?"

"Wa kushoto. Wa klachi. Nimefundisha watu wengi, mguu kama ule sijauona. Unashuka pole pole, unapanda pole pole."

Tena alikuwa anaonyesha kwa mkono, jamani. Amesimama kwenye ua wangu, ananionyesha kwa kiganja jinsi mguu unavyoshuka na kupanda.

Kisha akaingiza mkono mfukoni. "Amenipa na hiki, tujaribie."

Kilikuwa kidude kidogo chekundu cha kubana shatini, kimezungushiwa utepe wa kijani pale unapoingia waya wa masikioni. Utepe ule niliuzungusha mimi. Kidude kile kilikuja kwangu kimekufa, nikakifufua juu ya meza yangu, nikampa Mama Pacha asikilize kazini. Anafua mashuka hospitalini, na alikuwa akilalamika kwamba mashine za kufulia zitamtoa wazimu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa mfukoni mwa mwanamume mwingine, na nilipokipokea kilikuwa bado na joto lake.

"Kichomeke tu," mwalimu akasema. "Ana nyimbo nzuri."

Ana nyimbo nzuri! Kwa hiyo amezisikiliza. Mimi mume wa ndoa sizijui hata moja. Nikirudi nyumbani nataka taarifa ya habari na kimya. Yeye anazijua. Mtasema nyimbo si kitu. Semeni. Mimi ningeona nafuu kuwakuta wameshikana mikono kuliko kujua kwamba wanajua, wote wawili, wimbo upi unaufuata upi.

Nikajikaza kisabuni.

"Nenda ukanywe chai, mwalimu. Ukirudi utakuta tayari."

Sasa niwaeleze ufundi kidogo, maana bila hivyo hamtaelewa nilichokifanya.

Redio ya kaseti ya kiwandani ni jeuri. Inajua stesheni zake, inajua kaseti, basi. Ukiiletea sauti ya kutoka nje haiipokei. Kwa hiyo sisi mafundi tunaidanganya. Unaifungua, unatafuta njia ambayo sauti ya kaseti inapita, unalehemu waya zako pale pale. Kisha unaitia kaseti iliyofutwa, isiyo na kitu, izunguke bure. Redio inaamini inapiga kaseti, kumbe inapiga kidude cha mteja. Kaseti hiyo mimi naiita kaseti bubu. Ninazo sanduku zima, nimezifuta mwenyewe.

Fundi makini hukata na waya za kile kichwa kinachosoma kaseti, ili hata ikiwa na kelele isisikike. Na mimi nina mtindo wangu mwingine: kitufe cha kutolea kaseti nakitia gundi. Wateja wana vidole. Wanaitoa kaseti, muziki unakatika, wanakuja kunitukana kwamba waya wangu umekufa.

Siku ile gundi nilitia. Waya za kichwa sikukata.

Nilikuwa nalehemu, na kidude cha mke wangu kinaning'inia mbele ya macho yangu, wazo likaniingia. Nikaliona zuri. Hadi leo nikilikumbuka najiuliza akili zangu zilikuwa zimetoka kwenda wapi.

Nikachukua kaseti bubu moja, nikaingia nayo chumba cha nyuma ninapoweka redio mbovu, nikafunga mlango, nikawasha mashine ya kurekodia. Mwanzoni niliacha kimya kirefu, ili mwalimu akijaribu pale uani asisikie kitu. Kisha nikasogeza mdomo.

"Mke wa mtu ni sumu," nikasema.

Nikaisikiliza. Ilitoka kama tangazo la mbuzi aliyepotea. Nikafuta, nikaanza upya, na safari hii nikaufungulia wivu mlango.

"Mke wa mtu ni sumu! Mwalimu, nakuona! Mama Pacha, nakuona! Angalia mbele! Unacheka nini? Angalia mbele!"

Mshona viti akagonga ukuta. "Fundi, unagombana na nani humo?"

"Na redio!"

"Imekukosea nini?"

"Shona viti!"

Nilikuwa na raha, siwafichi. Niliwaona kabisa. Wako barabarani, vioo vimepandishwa, wimbo laini umekwisha, wanangojea unaofuata, wanatazamana. Halafu mimi natokea katikati yao bila hodi.

Mwalimu alirudi, nikamwashia. Wimbo ukajaa gari zima, mwanamke anaimba habari za kungoja. Mwalimu akafumba macho na kutikisa kichwa, na mimi nikakunja ngumi ndani ya mfuko wa ovaroli.

"Fundi, mikono yako ibarikiwe."

"Kaseti usiiguse."

"Siigusi. Leo halina kazi tena, nalipeleka kuoshwa. Kesho asubuhi lina shughuli kubwa, nataka ling'ae."

Kesho asubuhi. Shughuli kubwa. Gari linaoshwa. Nilimpungia mkono hadi akapotea, huku nimetabasamu kama mtu aliyeshinda kesi.

Jioni Mama Pacha alirudi akiimba kwa sauti ya chini. Wimbo ule ule wa kungoja.

Nyumbani tuko wawili tu, pacha wetu wako shule ya bweni. Alivua viatu mlangoni, akaenda moja kwa moja jikoni. Nikaviokota. Cha kulia kizima. Cha kushoto soli imelika mbele, pale panapokaa kidole gumba. Mashuka gani hayo yanayofuliwa kwa mguu wa kushoto?

"Unanusa viatu vyangu, Baba Pacha?"

Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mwiko mkononi.

"Naangalia soli."

"Zina nini?"

"Zimelika."

"Viatu vinalika."

"Vinalika vyote viwili. Hakiliki kimoja."

Akacheka, akarudi kwenye sufuria yake. Nikamfuata huko huko.

"Kile kidude chako cha muziki kiko wapi?"

"Nimemwazima mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

"Mtu tu ana jina."

Akazima jiko. Akafuta mikono, akavuta kigoda, akaketi. Nikajua sasa linakuja. Nilishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na kichwani nilikwisha chagua ndugu yupi nimwite kwanza aje kuisikia aibu yangu.

"Nimejifunza kuendesha gari," akasema.

Nikaachia ukingo wa meza.

"Nilikuficha, na leo nilikuwa nimepanga nikuambie. Leseni ninayo. Hospitali wanatafuta dereva wa gari la mashuka. Kesho asubuhi mkuu wa madereva ananipima barabarani, na mwalimu wangu ananiazima gari lake nililolizoea. Kidude nilimpa yeye akakitafutie waya. Mimi mwenyewe nilimwelekeza kwako, maana hakuna anayekuzidi."

Kumbe! Kumbe ni kazi! Nilitaka kucheka, nilitaka kumbeba, nilitaka kwenda kumgongea mshona viti nimpe ukweli wake usoni. Lakini wivu hauna adabu. Ulikuwa bado umekaa ndani, haujaaga, ukaniletea swali, na mimi nikalitoa kama nilivyolipokea.

"Na kwa nini yeye? Mimi sina mikono? Mimi nisingeweza kukufundisha?"

"Ulinifundisha, Baba Pacha."

Ni kweli. Siku moja, kwenye gari la mteja, uwanja wa mpira.

"Ulipiga kelele tangu tulipopanda mpaka tuliposhuka," akasema. Hakuwa na hasira, alikuwa anaeleza tu. "Angalia mbele. Unacheka nini. Angalia mbele. Tangu siku ile nikishika usukani nakusikia wewe. Hupo, lakini nakusikia. Mikono inatetemeka, gari linazima. Mwalimu ndiye aliyesema tujaribu muziki. Muziki ukiwepo, sauti yako inafunikwa."

Nikakaa chini.

Maneno yale yale. Nilikuwa nimeyarekodi yale yale, kwa mpangilio ule ule, bila hata kujua kwamba nayarudia. Mwanamke ametafuta kitu cha kufunikia sauti yangu, na mimi nimekwenda kuitia sauti yenyewe chini ya kile kifuniko.

"Mbona umekuwa hivyo?" akauliza. "Huna la kusema?"

Nilikuwa nalo. Haki ya Mungu, nilikuwa nimekwisha fungua kinywa nimwambie, kaseti, gundi, kila kitu. Tungecheka. Angenipiga na mwiko, kisha tungecheka. Lakini kabla sijatoa neno, akaongeza, na uso wake ukawa laini namna ambayo sijauona siku nyingi:

"Ni mpole sana yule mwalimu. Ungemsikia anavyoongea na mtu."

Kinywa kikajifunga chenyewe.

Nikajiambia hakuna haja ya kumtisha. Nitadamka mapema, nimuwahi mwalimu, nitoe kaseti yangu, na siri itakufa ndani ya mfuko wa ovaroli. Nililala nikiwa nimepanga hivyo, na usingizi, kama ilivyo kawaida yake kwa watu wenye makosa, ulikawia kuja kisha ukakawia kuondoka.

Kilichoniamsha ni mlango wa gari kufungwa.

Nilipofika nje, suruali mguu mmoja ndani, mmoja unaburuzika, gari la bluu lilikuwa linakata kona. Linang'aa. Mama Pacha yuko kwenye usukani, amekaa wima. Yule mwingine amekaa pembeni yake, amegeuza uso kumtazama yeye. Hakutazama barabara. Mwalimu gani wa udereva hatazami barabara?

Nilinyakua bisibisi na koleo, nikatimua mbio.

Mlinzi wa lango la hospitali akanisimamisha.

"Wapi?"

"Ndani."

"Saa hizi ni wagonjwa tu."

"Mimi ni mgonjwa."

"Wa nini?"

"Wa moyo."

Akatazama bisibisi, akatazama koleo. "Na dawa umekuja nazo mwenyewe?"

Nikampita chini ya mkono. Nilimsikia akiita, sikugeuka.

Nyuma ya jengo la kufulia kuna ua mpana, magari ya hospitali upande mmoja, kamba za mashuka upande wa pili. Mwalimu alikuwa amesimama peke yake kwenye kivuli cha ukuta. Gari halipo.

"Mwalimu! Gari liko wapi?"

Akatabasamu. "Kaka fundi! Leo asubuhi ndipo ameniambia kumbe wewe ni mumewe. Umekuja kumtia moyo. Atafurahi sana. Wametoka kitambo, yeye na mkuu wa madereva."

"Wamewasha muziki?"

"Mkuu mwenyewe ndiye aliyesema uwashwe. Anapenda muziki yule mzee."

"Mpigie simu mke wangu. Mwambie azime."

"Nimpigie anaendesha? Mimi mwenyewe nimemfundisha simu haipokelewi kwenye usukani. Kuna nini kwani?"

Nikamwambia. Pale pale, mashuka yanapepea, nilimwambia yote. Kimya cha mwanzoni, maneno, gundi, waya za kichwa ambazo sikukata. Nilitegemea anipige. Ningemwelewa, hata ningemshukuru kidogo.

Hakunipiga. Aliniuliza, kwa sauti yake ile laini, "Kwa nini ulinitaja mimi?"

"Kwa sababu unanukia," nikasema. Sikuwa na jingine.

Nilingoja akane. Mtu asiye na lake moyoni hukana haraka, hukana hata kabla hujamaliza. Huyu hakukana. Aligeuza uso akatazama mashuka. Na ule wivu niliodhani umekufa jana jikoni ukainuka, ukajikung'uta vumbi.

"Mwalimu," nikaanza.

Gari la bluu likaingia.

Liliingia taratibu, likapita mbele yetu, likasimama. Kisha likarudi nyuma, kati ya magari mawili makubwa, pahali ambapo mimi mwenyewe ningeomba mtu ashuke aniongoze. Likakaa katikati sawasawa.

Mlango wa abiria ukafunguka, mkuu wa madereva akatoka ameinama, kashika tumbo. Nikajua wamegonga, ameumia. Nikamkimbilia. Alipoinua uso, machozi yanamtiririka. Alikuwa anacheka.

"Nimepima madereva mpaka nimezeeka," akasema, akishika bega langu bila hata kuniuliza mimi ni nani. "Sijaona! Tuko kwenye mzunguko wa barabara kuu, malori kushoto, malori kulia. Wimbo unakwisha. Mara redio inapasuka: mke wa mtu ni sumu! Nakuona! Angalia mbele! Mimi niliruka, kichwa kikagonga paa. Nikaanza kujiuliza ni mke wa nani niliyemkosea. Yeye? Hata jicho hakupepesa. Kakanyaga klachi, katia gia, kazunguka, katoka."

Akafuta macho kwa kiganja.

"Nikamwuliza, mama, umewezaje? Akanijibu, 'Hiyo nimeizoea.'"

Akacheka tena, peke yake. Mimi sikucheka. Mwalimu hakucheka.

"Kazi kapata," mkuu akaendelea. "Tena kanishangaza. Tulipotoka hapa alisema kama akipita anataka kituo cha hapa hapa, ana mume. Baada ya ule mzunguko kaniambia amebadili mawazo, anataka kile cha tawi jipya. Huko mbali, madereva wangu wote wanakikimbia! Unalala huko huko, nyumbani ni mwisho wa mwezi." Akaenda zake ofisini, bado anacheka.

Mama Pacha alikuwa ameshuka. Alifunga mlango bila kuubamiza. Alikuwa amechomoa kidude chake, anakizungushia waya pole pole, macho yako kwenye kazi hiyo.

"Mama Pacha, nisikilize. Ile kaseti..."

"Nimeisikiliza."

"Nilikuwa na hasira. Mshona viti alikuja akaniambia..."

"Mshona viti hakuingia ndani ya redio." Alimaliza kuzungusha waya. "Unajua kilichoniuma? Si hiyo sumu. Wimbo ulipokwisha nilikuwa natabasamu. Nilikuwa nimegundua kwamba tangu tutoke langoni sijakusikia hata mara moja. Nikasema moyoni, imekwisha, nimepona, nikirudi nitamwambia mume wangu nimepona. Ndipo ukaongea."

Akakitia kidude mfukoni.

"Gari la tawi jipya linaondoka leo mchana," akasema. "Nakwenda kufunga nguo. Pacha nitawapigia mwenyewe, usiwaambie wewe."

Wasomaji wangu, palikuwa na neno moja tu la kusema. Nisamehe. Hata wanaojifunza kuongea wanaliweza. Nililiweka tayari kinywani, nikavuta pumzi, nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki:

"Na yeye anakwenda?"

Kidole changu kilikuwa kimemnyooshea mwalimu. Nilikiona kimenyooka na sikujua nani aliyekinyoosha.

Mama Pacha alikitazama kile kidole. Kisha akamtazama mwalimu, pale ukutani, na alichukua muda.

"Mwalimu," akasema, "hebu sogea hapa."

Mwalimu hakusogea. "Dada, tafadhali. Si hapa."

"Hapa hapa. Juzi uliniuliza swali, nikakuambia mimi ni mke wa mtu, usiliulize tena." Sauti yake haikupanda wala kushuka. Akanigeukia mimi, macho makavu. "Sasa nataka uliulize tena. Lile lile, kama ulivyoliuliza, na kwa sauti, ili fundi naye asikie. Leo nina jibu."

Fundi. Tangu nimwoe hajawahi kuniita fundi.

Mwalimu akatoka kwenye kivuli cha ukuta. Alinitazama mimi kwanza, kama mtu anayeomba ruhusa, kisha akamgeukia mke wangu na kufungua kinywa.